Kishindo na Mashua ya Baba Mkwe

Jumapili, 8 Juni

Nimejitolea. Sikuombwa. Naliandika hilo kwanza kwa sababu mke wangu amelisema mara nne tangu tutoke kwa wazazi wake.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Baba mkwe akafuta mdomo, akatangaza kwamba mashua imekwisha. Miaka sita amekuwa akiiunda nyuma ya nyumba, ubao kwa ubao, tangu alipostaafu kazi ya kutengeneza madawati ya shule. Hajawahi kumiliki hata mtumbwi. Sasa anataka iingie ziwani Jumamosi. Haraka ya nini? Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, tarehe 26 anapasuliwa la kwanza, na daktari naye ni binadamu. Anataka kuiona juu ya maji kabla ya siku hiyo, lolote lisije likatokea. Mama mkwe akaacha kukusanya sahani.

Halafu, kama kawaida, mzee akamgeukia shemeji yangu. Shemeji ni kaka wa mke wangu, anauza simenti na nondo, na wote tunamwita Kimya kwa sababu hasemi. Ana pikapu kuukuu ambayo mlango wake wa kushoto umefungwa kwa waya. Kila kitu cha ukoo huu hubebwa na pikapu ile: makabati, wagonjwa, hata bibi harusi mmoja. Mimi, mkwe mwenye gari la maana, huagizwa barafu.

Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba Kishindo itaivuta. Kishindo ni pikapu yangu. Mdomo ukaongeza kwamba nimewahi kuvuta mashua. Baba mkwe akauliza lini. Nikasema zamani. Akauliza wapi. Nikasema mbali.

Mzee akanishika bega, akasema kumbe nina mengi nisiyoyasema. Kimya akaendelea kutafuna. Mke wangu akanitazama vile anavyomtazama mteja anayedai pazia limepungua lenyewe.

Sijawahi kuvuta hata toroli. Ninashona mapazia.

Jumatatu, 9 Juni

Nieleze Kishindo, maana watu hawaielewi. Milango minne, rangi ya machungwa, imetengenezwa mahususi kwa mbio za jangwani. Tairi zake zinanifika kiunoni. Springi ndefu, laini. Inaweza kuruka kilima cha mchanga kwa kasi na kutua bila kumwaga chai! Sijajaribu. Hapa hakuna kilima cha mchanga. Kwa sasa naibebea fimbo za mapazia, nazo ni ndefu kuliko bodi, kwa hiyo zinatokeza nyuma na kitambaa chekundu kinaning'inia.

Mke wangu akatoa kitabu cha gari kwenye droo ya vifungo. Akanisomea kwa sauti, mbele ya mteja. Kumbe pikapu za kawaida za kampuni hiyohiyo, zile za kubeba mizigo, zinaruhusiwa kuvuta uzito mkubwa kuliko yangu. Yangu imelegezwa springi ili iruke, hivyo haipendi kukaliwa mgongoni. Nikasema kitabu kimeandikwa na waoga. Akauliza kama ni waoga walewale waliounda gari. Mteja akacheka. Nikakosea kukata, sentimita mbili.

Jioni nikafanya mazoezi ya kurudi nyuma na tela. Sina tela. Nikafunga meza ya kupigia pasi nyuma ya Kishindo, ile yenye magurudumu. Nilitaka iende kulia, ikaenda kushoto. Nilitaka kushoto, ikaingia mtaroni. Lakini meza ya pasi si kipimo cha haki.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kujaribu kufunga tela. Ingekuwa heri nisingekwenda.

Kwanza baba mkwe akanionyesha mashua, imeshapandishwa juu ya tela. Mita sita. Akanishika kiganja na kukipitisha ubavuni mwake kuanzia mbele hadi nyuma, maana yeye siku hizi huona kwa vidole. Laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Akasema upande wa kushoto aliupiga randa akiwa bado na macho yake. Upande wa kulia aliumaliza macho yakiwa yameanza kufifia, na ndio unaompa wasiwasi. Nikamwambia asihofu. Hapo nilikuwa nasema kweli.

Kimya alikuwapo, amekuja na bolti. Tukashusha shingo ya tela juu ya chuma cha nyuma cha Kishindo. Kishindo ikakaa. Sina neno lingine. Nyuma ilididimia mpaka tairi zikapotea ndani ya bodi, mbele ikainuka, taa zikatazama ndege. Kama mbwa anayesubiri mfupa. Mama mkwe alitoka jikoni, akauliza kama gari linaumwa. Nikasema ndivyo lilivyobuniwa.

Baba mkwe haoni mbali, kwa hiyo hakuona. Akauliza kama vyote vimelala sawa. Kimya akafungua mdomo, jambo ambalo hutokea mara moja kwa msimu. Nikamuwahi. Nikasema vimelala sawa kabisa.

Nimemdanganya mzee asiyeona vizuri, kuhusu kitu alichokuwa amekiegemea. Nimeona haya njia nzima. Ila nilipofika nyumbani nikala vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata! Saa nne asubuhi, nikiwa nachomeka pini kwenye pazia la zahanati.

Ni mizani tu. Mbele ya mashua inaikandamiza Kishindo, basi nikiweka uzito nyuma ya mashua, mbele itanyanyuka. Watoto wanalijua hilo wakiwa kwenye bembea ya ubao. Kwa nini hakuna mtu aliyewahi kulifikiria?

Mchanga, mifuko minane, kilo ishirini na tano kila mmoja. Tatizo lilikuwa mifuko. Magunia matupu yote ya mtaa huu yanatoka kwa Kimya. Ningemwomba, angejua. Kwa hiyo nimeshona mwenyewe.

Kuhusu kitambaa. Mwezi wa pili mama mkwe aliniletea kitambaa cha mapazia ya sebule yake, zambarau yenye maua ya njano, chaguo lake. Nilimwambia kimetosha kwa taabu. Kilibaki mita tatu. Huo si wizi. Kinachobaki chini ya meza ni cha fundi, na fundi yeyote atakuambia hivyo, mradi mteja hayupo. Kilikuwa kimekaa kabatini hakina kazi. Sasa kimepata.

Mishono miwili miwili, kingo zimekunjwa. Sijawahi kuona mifuko ya mchanga mizuri namna hii. Mke wangu kauliza ni mito ya nani. Nikasema ya mteja mwenye mgongo mgumu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeipakia. Nilichagua saa nane mchana, mzee akiwa amelala na mama mkwe ameenda kwenye kikundi chake cha akina mama. Nikajiambia kwamba mtu akinikuta, napima mashua ili niishonee turubai. Mifuko minane, ngazi moja, mgongo mmoja. Niliipanga chini ya benchi la nyuma kabisa, nikaifunika kwa turubai kuukuu.

Nikafunga tela. Kishindo ikasimama wima! Pua chini, mkia juu, kama mtu aliyeambiwa anyooshe mgongo. Nilitaka kupiga kelele ila mzee alikuwa amelala.

Akaamka. Akaja akipapasa, akagusa bodi la nyuma la Kishindo, akasema leo limeinuka. Nikasema nimerekebisha springi. Akatikisa kichwa kwa furaha, akaniita fundi mwenzake. Miaka kumi na mmoja nimemwoa binti yake, hajawahi kuniita hivyo. Siku zote mimi ni yule wa mapazia.

Haya kidogo ikanipata. Ikapita.

Mke wangu kauliza mbona natembea nimeinama. Nikasema nafikiri.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika viatu vikiwa bado na udongo wa shamba la watu.

Tulitoka saa tatu asubuhi. Mtaa mzima ulikuwa nje. Baba mkwe alikaa kando yangu, amevaa koti alilopewa siku ya kustaafu. Kimya alifuata nyuma na pikapu yake ya waya, amewapakia mama mkwe na mke wangu. Kilomita ya kwanza ilikuwa utukufu mtupu. Muuza mboga alitupungia. Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa nusu. Mzee alinishika goti, akasema laiti baba yake angeiona siku hii.

Hapo nilipaswa kuridhika. Lakini barabara ya lami ilikuwa tupu, na kwenye kioo nilimwona Kimya amekaa palepale nyuma yangu, hapungui wala hazidi. Nikaona ni vizuri nimwache kidogo. Nikakanyaga mafuta.

Kufika sitini, mkia wa mashua ukaanza kucheza. Kioo cha kushoto, mashua! Kioo cha kulia, mashua! Kila nilipokanyaga breki ikazidi. Mwisho ikawa mashua ndiyo inavuta gari. Mpanda baiskeli wa mikate akajitupa majanini, mikate ikatawanyika. Tukaacha lami, tukapanda tuta, na kwa mara ya kwanza tangu niinunue, Kishindo ikaruka. Ilitua katika shamba la viazi. Chai ingemwagika.

Hakuna aliyeumia. Tairi moja ya tela ilipasuka. Mashua haikupata hata ufa. Mifuko haikusogea, maana niliishona vizuri.

Baba mkwe alikuwa ameshikilia mlango kwa mikono miwili. Akauliza imekuwa nini. Nikasema mashua imeyumba. Akauliza imeanza upande gani. Sijui kwa nini nilijibu, tena bila kufikiri. Nikasema wa kulia.

Akauachia mlango, mkono mmoja mmoja. Kisha akasema polepole, "Basi nimeiunda imepinda."

Ilikuwa zamu yangu kusema. Mdomo ule unaosema bila kuombwa ulikuwa pale pale, wazi. Nikasema pole, baba.

Kimya alifunga tairi ya akiba, akaliunganisha tela na pikapu yake, akairudisha mashua nyumbani mwendo wa maziko. Haikuyumba hata kidogo. Mimi nilibaki kuokota mikate na kumwomba radhi mwenye viazi.

Jumapili, 15 Juni

Sijatoka kitandani. Nimesema nina homa.

Mama mkwe kapiga simu. Baba mkwe hajala tangu jana. Anaizunguka mashua na uzi na futi, anapima kulia, anapima kushoto. Hawezi kusoma namba, kwa hiyo mama mkwe anamsomea. Namba zinalingana. Mzee anamwambia anamsomea uongo ili kumfurahisha. Miaka arobaini na minne ya ndoa, mama mkwe kasema, leo ndiyo mara ya kwanza kuitwa mwongo.

Mke wangu kakaa ukingoni mwa kitanda, kauliza nini hasa kilitokea barabarani. Nikasema upepo. Akasema majani hayakuwa yakitikisika. Nikajifunika shuka.

Najionea aibu. Nimejaribu kujihurumia badala yake, haikuwezekana.

Jumatatu, 16 Juni

Mpango: niitoe mifuko kimyakimya, kisha nishauri ijaribiwe tena. Itakwenda sawa, mzee atafurahi, na hakuna mtu atakayeumbuka. Kila mtu anashinda!

Nilifika saa nane mchana. Mzee hakulala. Amehamishia kiti chake kando ya mashua na hasogei. Nikakaa naye. Nikajaribu kumwambia kwamba huenda barabara ndiyo iliyoinama. Akanishukuru kwa kumtafutia faraja. Akasema mtu wa miaka sabini na miwili anapaswa kujua mikono yake inapostaafu.

Halafu akaingia kwenye madawati. Anawaza madawati. Miaka thelathini na mmoja alitengeneza madawati, na sasa anajiuliza ni watoto wangapi walikaa upandeupande kwa sababu yake wasiseme. Akaniuliza kama nimewahi kuona viti vya sebuleni kwake vimeinama, nimwambie ukweli, mimi ni fundi mwenzake.

Masikio yaliniwaka. Nikasema viti vimenyooka. Hakuniamini. Siku niliyodanganya aliniamini, na leo nasema kweli anatikisa kichwa.

Mifuko bado imo.

Jumanne, 17 Juni

Mpango wa pili. Lawama iende kwa tela. Nikamfuata fundi wa kuchomelea aliyeliunda, nikamwomba amwambie mzee kwamba ekseli ilipinda. Nilidhani ni jambo dogo kati ya mafundi.

Akavua miwani yake myeusi. Akauliza nani anasema ekseli yake imepinda. Nikasema hakuna mtu. Akasema atakwenda sasa hivi kwa mzee, na pima-maji, athibitishe mbele ya mashahidi. Nikamshika mkono. Ilibidi nimwahidi pazia la bure la karakana ndipo akakaa chini.

Karakana yake haina dirisha. Nimepima hivyohivyo.

Jumatano, 18 Juni

Saa tano mke wangu kaipokea simu dukani, kageuka akiwa amebadilika sura. Baba amechukua msumeno.

Nilikuta wote wako nyuma ya nyumba. Mzee alikuwa ameegemea mashua upande wa kulia, penseli sikioni. Alikuwa ameshachora mstari kwa kupapasa, wa kukata katikati. Alisema mbao ni nzuri, hazina kosa, zitatoa rafu za vyombo. Rafu hazisafiri. Mama mkwe alikuwa analia kwenye kanga. Kimya alikuwa anambembeleza baba yake kwa sentensi nzimanzima, tena nyingi. Sikujua kama ana sauti nzuri vile.

Mzee akaweka msumeno juu ya mstari.

Nikasema, "Baba, usikate. Ni mchanga."

Hakunielewa. Nikasema tena. Nikasema niliweka mchanga nyuma ya mashua ili gari langu lisikae chini, na uzito huo wa nyuma ndio ulioiyumbisha. Nikasema Kishindo haikusimama sawa siku ile ya Jumanne. Nikasema sijarekebisha springi yoyote. Nikasema sijawahi kuvuta mashua, si zamani, si mbali. Vilitoka vyote pamoja kama uzi kwenye kibiringo kilichoanguka.

Kimya akapanda ngazi, akavuta turubai, akanyanyua mfuko mmoja juu juani. Zambarau, maua ya njano.

Mama mkwe akautazama mfuko. Akatazama dirisha la sebule yake. Akautazama mfuko tena. Akaniuliza kwa upole kama kile kitambaa hakikuwa kimetosha kwa taabu.

Ningeomba ardhi ipasuke, ila siku ile hata ardhi ingenikataa. Mke wangu alisogea kwenda kusimama na kaka yake. Nikasubiri matusi. Niliyahitaji. Nilikuwa nimeshainamisha kichwa kuyapokea.

Mzee akaweka msumeno chini. Akasema, "Kwa hiyo imenyooka?"

"Imenyooka, baba."

Akaweka kiganja ubavu wa kulia, akatembea nao taratibu kutoka mbele hadi nyuma, kisha akarudi, kisha akaenda tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Alipofika penye ule mstari wa penseli, akaufuta kwa kidole gumba. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu.

Baadaye Kimya akanisindikiza hadi kwenye gari. Akasema siku ile ya kufunga tela alitaka kusema tu kwamba springi za pikapu yake ni ngumu, zingeubeba mzigo ule bila shida. Akasema angenifuata nyuma akiivuta mashua, na mimi nikambeba mzee mbele. Hakuna ambaye angejua tofauti.

Naapa. Nayaandika haya kwa wino, siyo penseli. Sitajitolea tena kwa jambo nisilolijua. Sitadanganya. Sitaficha hata uzi wa mteja. Na Kishindo naiuza.

Ijumaa, 20 Juni

Adhabu imetoka kwa mama mkwe. Mchanga nimeurudisha kwa waashi walioniazima, kwa mikono yangu. Mifuko nimeifua, nimeipiga pasi, na kwa siku mbili nimeigeuza kuwa mito minane ya viti vya mashua. Amenisimamia muda wote. Vipande vilivyobaki, hata vya upana wa kidole, ameviokota chini ya meza akaviweka mkobani mwake. Mafundi wenzangu wa mtaani walikuwa wanachungulia.

Kishindo sijaiuza. Nimeambiwa si msimu mzuri wa kuuza.

Jumamosi, 21 Juni

Kimya ndiye aliyevuta. Arobaini kwa saa, mlango wa waya ukilia njia nzima. Mashua ilimfuata imetulia. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na Kishindo, nimebeba mito. Muuza mboga alinipungia, ila alikuwa anacheka.

Ziwani kuna mteremko wa saruji unaoingia majini. Kimya alilirudisha tela nyuma kwa mkono mmoja. Mashua ikaelea. Hivyo tu, bila sauti, ikaacha tela na kuelea. Baba mkwe alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini na koti lake la kustaafu. Kwake ilikuwa kivuli kirefu tu, alisema. Akageuza shingo upande wetu.

Nilidhani atamwuliza mwanawe. Akasema, "Mkwe, imelala sawa?"

Swali lilelile la Jumanne ile. Watu wote wakanigeukia. Nikavua viatu, nikaingia majini na futi yangu ya kupimia mapazia. Nikapima kutoka ukingoni hadi kwenye maji, upande wa kushoto. Nikazunguka, nikapima kulia. Sentimita arobaini na moja. Arobaini na moja. Nikamwambia imelala sawa.

Akasema vizuri. Aliniamini papo hapo, kama vile hapakuwa na wiki iliyopita. Nilibaki nimesimama majini nikijifanya napima tena ili wasinione uso.

Mzee alikuwa amekataa kuipa mashua jina kabla haijagusa maji. Sasa akalitaja, na mama mkwe akaliandika kwa rangi nyeupe ubavu wa kulia, herufi kubwa ili hata mzee alisome: IMENYOOKA. Wakapanda wote, wakakalia mito ya zambarau. Mimi nilibaki nchi kavu. Kimya aliniomba nilitoe tela tupu majini kwa pikapu yake na kuliegesha. Nadhani alinionea huruma.

Nikarudi nyuma nalo kwenda kwenye maegesho. Nilitaka kulia, likaenda kushoto. Kimya akashuka kwenye mashua, maji yakimchuruzika, akaja dirishani. Akasema nishike usukani chini badala ya juu, na mkono ukienda kulia, tela nalo litaenda kulia. Nikajaribu. Likaingia sawasawa kati ya mistari!

Wakati mzee anatuaga alinishika bega lilelile la Jumapili ya kwanza. Akasema yaliyopita yamepita, mradi nimejifunza. Nikasema nimejifunza, baba. Nililia kidogo nikiwa njiani. Nilizima redio ili nilie vizuri.

Jumatatu, 23 Juni

Siku tulivu dukani. Moyo mweupe. Mke wangu ameanza tena kunipa chai bila kuombwa.

Saa tano akaja mama mmoja mfugaji wa nyuki, anataka mapazia ya nyumba nzima. Kitambaa kizuri mno, kijani kizito, cha kwake mwenyewe. Tukazungumza. Kumbe anahama. Ana mizinga thelathini iliyojaa, ameipanga juu ya tela, na anatafuta mtu mwenye gari la nguvu wa kuivuta Jumamosi hadi upande wa pili wa mji. Amesikia kuna mtu wa simenti mwenye pikapu ya zamani. Akaniuliza kama namfahamu.

Nikaitazama Kishindo pale nje. Jua kali lilikuwa linaipiga, rangi inametameta. Inasikitisha gari kama lile kubeba fimbo.

Nikamwambia sina uhakika kama yule wa simenti bado anafanya kazi hizo. Nikasema mimi mwenyewe nimewahi kuvuta mashua. Safari hii si uongo, nina mashahidi. Akauliza ilikwendaje. Nikasema hadi leo ipo juu ya maji, imenyooka, na niliipima mwenyewe. Nikamwonyesha pia jinsi ya kushika usukani chini, mbinu niliyoigundua. Akafurahi sana, akaniuliza kama nyuki hawatasumbuka. Nikasema hawatajua kama wamehama.

Kuhusu kitambaa nimemwambia kitatosha, ila kwa taabu. Nimepiga hesabu, zitabaki mita nne. Hiyo ni mifuko kumi, na ya kijani haitaonekana kati ya mizinga.

Kosa langu nimeligundua. Mara ya kwanza niliiweka nyuma. Jumamosi nitaiweka mbele.